Maki Maana Yake Daka

Mwanangu Ombeni,

Habari za pasipoti, dawa ya mafua na namba za simu Mama yako ameshakwambia, na najua atakwambia tena kesho mkiwa kwenye gari. Mimi sizigusi. Mabegi yako yako koridoni, viatu vyako vya mpira umevining'iniza nje ya begi kubwa kwa kamba zake, na kila nikipita kwenda jikoni navigonga. Nimekaa mezani kukuandikia kwa Kiswahili kwa sababu unakisoma vizuri kuliko watu wanavyodhani, na kwa sababu kwa mdomo ningeyageuza maneno haya kuwa hotuba. Unanijua. Ningeanza na samahani nikamaliza na ukoloni.

Nataka tuzungumze habari ya mpira wa yai.

Ulipoanza kuucheza nilicheka kuliko watu wote. Mtoto wa Mpare, aliyekulia Coon Rapids, anacheza mchezo wa Waaustralia kwenye bustani ya Saint Paul, pamoja na Wamarekani waliokosa nafasi kwenye timu za kikapu! Trevor, mwenzangu wa ofisini Eagan na kocha wenu, ndiye aliyekuingiza. Aliniuliza kama nina kijana anayependa kukimbia, nikasema ninaye, anapenda kunikimbia mimi. Nilifikiri utakwenda mara mbili na kuacha.

Hukuacha. Na mlikuwa mnafungwa, mwanangu, mnafungwa kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Mlifungwa na timu ya Iowa, mkafungwa na ya Wisconsin, na kuna siku walikuja wageni wakiwa pungufu, mkawaazima watatu wenu, na hao watatu ndio waliowafunga. Mpira ukianguka, nyote mliukimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama. Njoroge, rafiki yangu Mkenya anayeniita Mwalimu, ambaye alikuja kunisindikiza tu baada ya zamu yake ya hospitali, alisimama pale ukingoni akanong'ona, "Mwalimu, hii ni game ama ni harambee? Mbona kila mtu anachangia mahali pamoja?"

Mimi siwezi kuona jambo linakwenda vibaya nikanyamaza. Huo ndio ugonjwa wangu, na kwa miaka mingi nimeuita kipaji. Jumatatu yake ofisini nilimfuata Trevor kwenye meza ya chakula nikamweleza makosa yake yote, kuanzia namna anavyopanga mabeki mpaka namna anavyopuliza filimbi. Alinisikiliza huku akitafuna, kisha akasema, "Basi njoo uchore wewe." Alisema vile mtu anavyomwambia mgeni mbishi, "Haya, pika wewe." Mimi nikalichukua kama barua ya uteuzi.

Unakumbuka maharage? Nilipanga timu yetu kwa maharage na timu pinzani kwa punje za mahindi, meza nzima ya kulia chakula. Kila jioni nikitoka kazini nilikaa mbele ya ule uwanja nikisogeza harage moja, najibishana na mahindi. Wewe ulikuwa harage jeusi, moja tu, ili nikuone upesi. Wiki nzima tulilia chakula sebuleni tumeshika sahani mapajani. Mpaka siku niliporudi nikakuta meza imefutwa na sufuria inachemka.

"Mpango wangu uko wapi?" nikauliza.

"Nimechanganya timu zote mbili," Mama yako akasema. "Leo tunakula makande. Wametoka sare."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nami nilikasirika kweli, Ombeni. Nilikula yale makande nimenuna kama mtu aliyechomewa maktaba.

Mpango niliouandika baadaye ulikuwa na utangulizi, sura, na majibu kwa wapinzani ambao hawakuwepo. Ukiondoa madoido, ulisema jambo moja: kama hatuwezi kuushika mpira, basi na wao wasiushike. Kila mtu na mtu wake. Mfuate, mkabe, mnyime hewa. Na kwa yule mchezaji wao hatari kuliko wote, tutamweka kijana mwenye miguu ya haraka na pumzi ndefu awe kivuli chake. Asihangaike na mpira. Kazi yake iwe mtu.

Kijana huyo ni wewe. Trevor alisoma karatasi zote, akazigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akaniuliza, "Nimeusoma wote. Mpira uko wapi?" Nilimjibu kwamba hilo ndilo swali la kizamani ambalo mpango wangu unalipinga. Maskini, alikuwa amechoka kufungwa, na mtu aliyechoka kufungwa humkubali yeyote anayezungumza kwa uhakika. Katika makala zangu nimewashambulia wanasiasa wa nyumbani kwa kosa hilohilo la kuuza uhakika kwa watu waliochoka. Niliandika juu yake kwa ukali, na watu wakanipongeza.

Na sasa lile neno.

Siku ya kwanza niliyokuja kuwatazama, nilimsikia Trevor akipiga kelele ukingoni, "Maki! Maki!" Nilifurahi. Nilipokuwa nacheza beki shuleni Usangi, maki ilikuwa amri moja tu. Maki mtu wako, mkabe, usimwachie nafasi. Nikasema moyoni, kumbe kocha huyu anajua ulinzi, tatizo ni kwamba vijana hawamtii, maana hakuna aliyekuwa anamkaba mtu. Juu ya hilo nilijenga kila kitu. Nadharia nzima, na mabishano yote na Trevor, yalisimama juu ya neno moja nililolisikia kwa sikio la Usangi.

Ulinieleza wiki ile niliyoanza kuuandika mpango. Tulikuwa tunarudi nyumbani, barabara imejaa, nami naendelea kukuhutubia juu ya maki. Ulisubiri nivute pumzi ukasema, "Dad, mark means catch it." Ukanieleza polepole, kama unavyomweleza Mama yako mambo ya kompyuta: mpira ukipigwa mbali, ukiurukia na kuudaka kabla haujagusa chini, mwamuzi anapuliza filimbi, watu wote wanasimama kando, nawe unapewa nafasi yako uupige kwa utulivu. Hiyo ndiyo maki. Ndilo jambo zuri kuliko yote katika mchezo ule, na ndilo ulilokuwa unaliweza kuliko wote.

Nilikujibu, "Kwetu maana yake kaba."

Nilijua uko sahihi. Nataka ulisome hilo tena: nilijua, palepale, kabla hatujafika kwenye kona ya nyumbani. Kosa la sikio si dhambi, kila mhamiaji analo lake. Lakini nilikuwa nimeshaandika sura ya kwanza, na sikuwa tayari kuifuta kwa sababu ya mtoto aliyenisahihisha kwa Kiingereza.

Ukanitii. Misimu miwili, Ombeni. Nilikuona ukimfuata mtu huku na huku, mkono wako kifuani pake, macho yako kwake, na mpira unapita juu ya kichwa chako kama ndege isiyokuhusu. Mlianza kufungwa kwa tofauti ndogo zaidi. Nikawa natembea na hizo tofauti mdomoni. Kila aliyekuja nyumbani alisikia jinsi mpango wangu ulivyopunguza aibu. Sikuuliza wewe umepungua kiasi gani.

Siku ile ya timu ya Wisconsin, kiangazi kilichopita, wewe unaikumbuka kuliko mimi. Ulikuwa umemkaba yule mwenye nywele nyekundu mpaka akaanza kukutukana. Tulikuwa karibu nao sana kwa pointi, mara ya kwanza tangu nianze kuja. Mpira ukapigwa juu, ukawa unashuka upande wenu, na kila mtu uwanjani aliona kwamba ni wako. Trevor akapiga kelele, "Maki!" Nami, ukingo uleule, hatua chache kutoka kwake, nikapiga kelele, "Maki! Maki, Ombeni!"

Makocha wawili, neno moja, amri mbili. Nikaona magoti yako yakikunjika ili uruke. Kisha ukanitazama. Yakanyooka. Ukabaki chini, ukamshika mtu wako, mpira ukaanguka nyuma yenu, wakauokota, wakafunga, na filimbi ya mwisho ikalia.

Kwenye gari ulisema, "I could've caught it, Dad." Hukulalamika, ulisema tu kwamba ungeweza kuudaka. Nami kutoka Saint Paul mpaka Coon Rapids nilikueleza kwa nini mchezaji mmoja hawezi kuuona uwanja wote, kwa nini mpango ni mkubwa kuliko mtu, kwa nini waliokosea ni mawinga. Tulipofika Mama yako alikuwa mlangoni. Alikutazama ukipita bila kusalimia, akanitazama mimi ambaye bado nilikuwa nazungumza. "Baba Ombeni," akasema, "mtoto huyu si makala."

Nilimwambia haelewi michezo.

Sisemi kukaba ni kubaya. Kuna watu wamezaliwa kukaba, na timu isiyo na mkabaji ni nyumba isiyo na mlango, na nikipewa nafasi naweza kukuthibitishia kwamba hata huyo Trevor... Unaona? Nimeanza tena. Nilikuwa naandika kuomba radhi, kalamu imeshachomoa panga. Nimeuacha mstari huu bila kuufuta, uone jinsi mambo yalivyo huku ndani.

Tuje kwenye simu.

Unajua ni ipi. Tulikuwa tumetoka kanisani, Mama yako anakaanga samaki, simu ikalia kutoka Melbourne, ambako kwao ilikuwa tayari Jumatatu asubuhi. Alikuwa rafiki yake Trevor, anayefundisha timu ya mtaa karibu na chuo unachokwenda kusoma. Ulibonyeza spika ili sote tusikie. Hukulazimika kufanya hivyo. Ulifanya kwa heshima, ukatukaribisha kwenye jambo lako.

"Trevor amekusifu sana, kijana," yule bwana akasema. "Niambie, unapenda kucheza wapi?"

Ulifungua mdomo. Ulisema, "Well, I..." na uso wako ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu enzi za makande. Mimi nikainama juu ya simu.

"Ni mkabaji," nikasema. "Mpe adui yako mkubwa, atamfuta uwanjani. Hahitaji mpira."

Yule bwana akacheka kidogo. "Na huyu ni nani?"

"Baba yake. Mshauri wa ufundi wa timu." Cheo hicho hakuna aliyenipa.

"Sawa, Mzee. Wakabaji tumepungukiwa. Tutamweka nyuma kabisa, timu ya pili. Ni sawa, kijana?"

"Yeah," ukasema. "That's fine." Ukakata simu, ukachukua koti, ukatoka nje kwenye theluji bila kuonja samaki.

Mama yako alizima jiko. "Umemjibia."

"Nimemsaidia."

"Umemjibia. Mtu amekaa hapa, mdomo anao."

Neno hilo halijaniacha tangu siku ile, kwa sababu si mara ya kwanza. Wewe unayajua haya lakini hujawahi kuyasikia kwangu. Ulipokuwa mdogo, wageni walipokuja, wazee wa kwetu waliokuja kutembelea watoto wao, walikuuliza kwa Kiswahili: hujambo, unasoma darasa la ngapi, ukikua utakuwa nani? Ulielewa kila neno. Ulikuwa unatafuta jibu, unalipanga, unaona aibu ya matamshi yako, na kabla hujalifikisha mdomoni mimi nilikuwa nimeshajibu. Yuko la nne. Atakuwa mhandisi. Anapenda ugali. Wakati huohuo nilikuwa naandika kwenye kile kikundi chetu cha barua pepe, nawachapa wazazi wanaolea watoto wasiojua Kiswahili, nawaita wasaliti wa lugha. Niliandika asubuhi na jioni nikakujibia ili wageni wasikusikie. Nilikuonea aibu, mwanangu. Nilisema nakulinda, na huenda nilikulinda pia, lakini aibu ilikuwepo. Ukajifunza kwamba ukichelewa kidogo, baba atamaliza. Mtoto aliyejifunza hivyo akiwa mdogo, utashangaa akitazama ukingoni kabla ya kuruka?

Lipo la mwisho, na hili ni gumu zaidi kwa sababu halina hoja ndani yake.

Kabla ya maharage, kabla ya mpango wowote, nilikuja siku moja kwenye mazoezi. Trevor aliupiga mpira juu sana. Wewe ulikimbia, ukapanda mgongo wa mtu, goti lako likiwa begani kwake, ukafika huko juu ukabaki. Sijui namna nyingine ya kuliandika. Ulibaki. Njoroge alinishika mkono, "Maze! Huyo boy anakaa huko juu kama amelipa rent!" Ukaudaka kwa mikono miwili. Kisha yule aliyekuwa chini yako akasogea, ukaanguka chali, na mlio wa mgongo wako ukigonga ardhi niliusikia kutoka nilipokuwa.

Hukusogea. Niliangalia kifua chako, sikukiona kikipanda. Trevor alikimbia, Njoroge akakimbia, wenzako wote wakakimbia. Mimi baba yako nilisimama. Mtu anayewashambulia mawaziri kwa jina hakuweza kuvuka majani kumfikia mwanawe.

Ukainuka. Mpira ulikuwa bado mikononi mwako, hata kuanguka kule hukuuachia, na ulikuwa unacheka. Kila mtu alicheka. Mimi nilikwenda kusubiri kwenye gari.

Wiki ile ndipo nilipomfuata Trevor. Sasa unaelewa. Mkabaji miguu yake haiachi ardhi. Nilitafuta katika mchezo mzima nafasi ambayo ingekuweka chini, nikaipata, kisha nikaizungushia sura na utangulizi ili nisiione ni nini. Ulipogongwa na maneno yangu, hukuwa unapigana na nadharia. Ulikuwa unapigana na mwoga. Na mwoga mwenye maneno hashindiki, maana kila ukimjibu anabadilisha mada. Ningeweza kusema, "Ombeni, naogopa." Pengine ungeniambia, "Mimi pia, Dad, lakini kidogo tu." Tungekuwa tumezungumza. Badala yake nilikunyang'anya hewa na kukupa kazi ya kumnyima mwingine.

Nimeandika mambo makali mengi maishani, mengine kuhusu watu ambao hawakustahili. Hakuna sentensi ninayoionea aibu kama ile: hahitaji mpira.

Juzi nilichukua kadi ya simu nimpigie yule kocha wa Melbourne. Nilikuwa nimeshapanga hoja. Ningemwambia nilikosea, huyu kijana ni mrukaji, mweke mbele, mpigie mipira ya juu, utanishukuru. Simu ilianza kulia upande wa pili. Nikakata. Nilikuwa naenda kukujibia tena, safari hii kwa wema, na wema ungekuwa mbaya zaidi kwa sababu usingeweza kuukasirikia.

Kwa hiyo unakwenda na uharibifu wangu kama ulivyo. Yule bwana anamsubiri mkabaji wa timu ya pili. Utafika, kutakuwa joto, watakupa jezi, watakuonyesha mahali pa kusimama, na mahali hapo nimepachagua mimi. Sijui utafanya nini. Huenda utanyamaza ukasimama hapo, kama ulivyofundishwa. Huenda utamwambia baba yako alikuwa mjinga. Sema, una ruhusa. Huenda umechoka na mchezo wote huu na viatu umevifunga kwenye begi kwa ajili ya kunifurahisha mimi, nami nimekuwa nikivigonga usiku kucha nikidhani ni matumaini. Hata hilo sijui. Nimekaa nawe miaka yote hii, nimekupanga, nimekuhamisha, nimekutetea mbele ya watu ambao hawakukushambulia, na yule mgeni wa kwenye simu, ambaye hajawahi kukuona, alikuuliza jambo ambalo mimi sijakuuliza hata mara moja.

Nakuuliza sasa. Usijibu upesi. Jibu kwa lugha yoyote, kutoka popote, hata mwakani. Sitasema neno mpaka umalize.

Mwanangu, unapenda kucheza wapi?

Baba yako